Pipa la Harusi ya Viola

Pipa halikuwepo.

Mahali pake, juu ya boriti mbili chini ya paa, palibaki mistari miwili safi katikati ya vumbi. Mapipa mengine madogo yalilala kimya kando, kila moja na kizibo chake kilichopigwa lakiri nyekundu. Bibi Argia alisimama mbele ya pengo lile, kitambaa cha vumbi mkononi, utepe mweupe begani. Alikuwa amepanda darini kulipamba pipa kwa ajili ya Jumapili. Hakupiga kelele. Aliketi sakafuni, akataja jina la bintiye aliyekufa.

"Marisa," alisema. "Wamenichukulia Marisa wangu."

Chini uani, Inspekta Fosca Bellandi alikuwa ameweka mguu kwenye ukingo wa kisima akifungua kamba za raba. Ndiyo kwanza atoke kukimbia. Jasho lilimtiririka, goti lilimuuma kidogo, na alikuwa na furaha ya mtoto mdogo. Mwaka uliopita alimfukuza mwizi kwenye ngazi za stesheni huko Firenze. Mwizi alitoroka, goti likabaki palepale ngazini. Madaktari walilipasua, wakalishona, wakalipasua tena. Mmoja wao alimwambia atembee kwa adabu na habari za kukimbia azisahau. Sasa alikuwa likizoni katika nyumba ya wageni ya Bibi Argia, juu ya kilima cha Casalvento, na kila asubuhi alikimbia kwenye barabara nyeupe katikati ya mizabibu. Alikimbia polepole mno. Kuku walimpita. Lakini alikimbia, na kila aliporudi alimshukuru Mungu, kisha daktari yule mwingine, kisha goti lenyewe.

"Inspekta!" Viola, mjukuu wa Bibi Argia, alitoa kichwa kwenye dirisha la ngazi. "Njoo juu, tafadhali. Tumeibiwa!"

Fosca alitupa jicho kwenye meza iliyoandaliwa chini ya mtini. Mkate, jibini la kondoo, tini zilizopasuka kwa utamu. Akashusha pumzi, akapanda ngazi na soksi zake.

Viola alibaki nje ya mlango wa dari. Bibi harusi haruhusiwi kuliona pipa lake kabla ya siku yenyewe, na ingawa sasa hapakuwa na pipa la kuona, miguu yake ilikuwa bado inatii. Fosca aliinama kwenye mistari ile ya vumbi. Hewa ya mle ndani ikampanda puani. Alipiga chafya mara mbili.

"Samahani."

"Ni harufu ya vinsanto, divai yetu ya zabibu kavu, mwanangu," Bibi Argia alisema pale sakafuni. "Wageni wote hupenda harufu ya dari hii. Tamu, sivyo?"

Fosca alimtazama. Akafuta pua.

Pipa lile halikuwa na bei. Mwaka wa kuzaliwa Viola, Marisa, akiwa na tumbo lililojaa, alizitundika zabibu kwa mikono yake kwenye ndoano za dari ile zikauke. Zikakamuliwa, zikatiwa kwenye pipa dogo, kizibo kikapigwa lakiri. Desturi ya kilima kile ni hiyo: pipa hufungwa mtoto anapozaliwa, hufunguliwa anapooa au kuolewa, na katikati hapo haruhusiwi mtu kuonja hata tone. Viola alikuwa bado anajifunza kutembea mama yake alipofariki. Kazi nyingine za mikono ya Marisa zilikwisha chakaa na kutupwa. Lilibaki pipa.

"Nani aliingia huku?" Fosca aliuliza.

"Ufunguo uko kwenye msumari jikoni. Kijiji kizima kinajua."

"Mara ya mwisho uliliona lini?"

"Jumanne. Jana nilikwenda sokoni, kama kila Jumatano."

"Na Jumanne hiyo, ulimwona mtu?"

Bibi Argia aliukunja utepe mkononi. Kisha akaangalia mlangoni, alikosimama mjukuu wake.

"Nilimwona," alisema. "Nilimwona Lapo anashuka kutoka huku. Uso umemparama."

"Bibi!" Viola alilia. Lapo alikuwa mchumba wake.

*

Sajini Pacini wa kituo cha kijijini alifika kabla ya mchana, koti limemkaba tumboni. Alipima mlango, akapiga picha, akanyunyiza unga wake wa kutafutia alama za vidole. Alama zilikuwa za kila mtu. Aliandika "wizi bila kuvunja", kisha akamvuta Fosca kando.

"Inspekta, wewe uko likizoni, sitaki kukusumbua. Lakini kesi imejiamulia yenyewe. Baba yake Lapo anauza divai mjini. Wakati wa Pasaka alikuja hapa kumbembeleza Bibi Argia amuuzie pipa hilohilo. Bibi alimfukuza na ufagio. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nakula."

"Ulikuwa unakula nini?"

"Mwanakondoo. Alikuwa na chumvi kama bahari."

Fosca alimweka yule mwanakondoo akilini. Mchana ule supu ya maharage ya Bibi Argia pia ilikuwa na chumvi ya kutosha kuhifadhia samaki, na Viola alikuwa amezungusha mezani jagi la maji bila kusema neno.

Lapo aliletwa jikoni. Kijana mrefu, mikono mikubwa, masikio mekundu. Alikaa kwenye stuli, akaiangalia sakafu. Juu ya jiko maziwa yalikuwa yanachemka, na Bibi Argia alisimama kando yake, mikono kifuani.

"Jumanne ulipanda darini," Fosca alisema.

"Nilipanda."

"Kufanya nini?"

"Kuchukua viti. Vya harusi."

"Ulishuka na viti vingapi?"

"Sikushuka na kiti."

"Kwa nini?"

Lapo alifuta viganja kwenye suruali.

"Uliligusa pipa?"

"Nililisogelea tu."

"Halafu?"

"Halafu nikashuka."

"Ukaenda wapi?"

Lapo aliangalia dirishani. "Kutembea."

"Umeliiba wewe?"

"Hapana." Safari hii alimtazama usoni. "Naapa, sijaiba."

"Basi sema uliona nini kule juu."

"Siwezi, Inspekta."

"Huwezi, au hutaki?"

"Vyote viwili."

Sajini Pacini alikohoa kwa ushindi. Wakati huohuo maziwa yalifurika, yakaungua kwenye jiko, moshi wenye harufu ya sukari iliyoungua ukajaa chumbani. Sajini aliziba pua. Viola alikimbia kutoka ukumbini kuja kuzima gesi. Bibi Argia, aliyekuwa amelipa jiko mgongo, umbali wa mkono mmoja, aligeuka tu baada ya kumwona mjukuu wake anakimbia.

"Mawazo," alisema haraka. "Leo sina akili."

Kisha akamsogelea Lapo mpaka vidole vya viatu vyao vikagusana.

"Nisikilize, wewe. Nilikupokea. Nilikulisha. Nilisema, baba yake mlafi, lakini mtoto ana macho mazuri. Pipa la Marisa lisiporudi hapa kabla ya Jumapili, hakuna harusi. Simwozi mjukuu wangu kwa mtu aliyemwibia mama yake. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Usiniite bibi."

Lapo aliinuka, akamtazama Viola, akatoka. Hakujitetea hata kwa neno moja. Fosca alikuwa amehoji wezi wengi, na wezi hujitetea sana.

*

Ijumaa asubuhi Fosca alikimbia tena. Wapelelezi wengine hufikiri wakivuta sigara. Yeye aligundua wiki ile kwamba akili yake huamka magoti yanapoamka. Umande ulikuwa umeilainisha barabara nyeupe. Miberoshi ilisimama kandokando, zabibu zilikuwa zimeanza kugeuka rangi, na kutoka nyumba fulani ilikuja harufu ya mkate wa kuni. Alivuta hewa mpaka mbavu zikapanuka.

Harufu ile ya mkate ndiyo iliyomsimamisha.

Alisimama katikati ya barabara kama punda aliyegoma. Mwanakondoo wa Pasaka. Supu. Maziwa yaliyoungua nyuma ya mgongo wa mtu. Na kule darini, hewa iliyompigisha chafya mbili, hewa ya kuchoma pua, ambayo mwenye nyumba aliiita tamu.

"Hanusi," Fosca aliiambia mizabibu. "Bibi wa watu hanusi kitu."

Alianza tena kukimbia, taratibu, macho chini. Hapo akaona jambo la pili. Kwenye ukingo wa barabara, mahali ambapo vumbi halikanyagwi na magari, palikuwa na alama ya gurudumu moja. Gurudumu lile lilikuwa na pengo, kwa hiyo kila lilipozunguka liliacha kidoti. Jana alikuwa ameiona alama hiyohiyo akairuka bila kufikiri. Sajini Pacini alikuwa ametafuta alama za matairi ya gari la Lapo na kuridhika. Hakuna aliyetafuta toroli, kwa sababu katika kilima kile kila mtu ana toroli.

Kidoti kwa kidoti, alama ilimpeleka bondeni, ikapinda kushoto, ikaingia kwenye uwanja ambao Fosca aliujua vizuri. Kila asubuhi alisimama pale kunywa maji.

"Kobe wa Firenze amefika!" Mzee Duilio alipaza sauti kutoka kwenye bustani ya nyanya. Alikuwa mjane mwenye mgongo mpana na kofia isiyovuliwa, jirani wa Bibi Argia tangu ujana wao. "Leo umechelewa. Konokono wangu alipita zamani."

"Konokono wako hana goti, mzee."

"Na wewe huna haraka. Kaa. Leo unakula hapa, usinibishie. Umekonda, watasema Casalvento tunawanyima watu chakula."

Toroli lilikuwa limeegemezwa ukutani. Fosca aliliangalia gurudumu lake. Lilikuwa na pengo la upana wa kidole gumba.

Akakaa.

Alimshukuru kwa maji. Akamshukuru kwa vipande vya nyama kavu ya nguruwe na kwa glasi ya divai nyekundu iliyotoka kwenye pishi baridi. Alishukuru kwa dhati, kwa maana mtu huyu alikuwa amemwekea maji kivulini kila siku bila kuombwa, na kilichokuwa kinakuja hakikumfurahisha hata kidogo. Kisha Mzee Duilio akaleta bakuli la saladi ya mkate: mkate mkavu uliolowekwa na kukamuliwa, nyanya, matango, vitunguu vyekundu, majani ya mrehani, mafuta ya zeituni. Chakula cha maskini wa pale, cha kila siku ya kiangazi.

Fosca alitia kijiko kinywani.

Uchachu ulimshika kwanza, pembeni mwa ulimi, mpaka macho yakamlenga machozi. Nyuma yake ukaja utamu mzito. Jozi. Tini kavu. Kitu kama asali iliyokaa kabatini kwa bibi. Alitafuna polepole, akameza, akakiweka kijiko chini.

"Siki hii umeipata wapi, mzee?"

"Dukani."

"Duka lipi?"

"La hapo chini."

"Siki ya duka la hapo chini nimekula wiki nzima kwa Bibi Argia. Inakwaruza koo. Hii ina miaka mingi kuliko utumishi wangu wa polisi."

Mzee Duilio alivua kofia. Fosca hakuwahi kukiona kichwa chake. Kilikuwa cheupe, na kilionekana kidogo.

"Pipa liko wapi?" Fosca aliuliza kwa upole.

"Banda la kuku."

"Lilikuwa limeshageuka siki ulipolichukua?"

"Lilikuwa limegeuka zamani. Lakiri ilipasuka kwa joto la mwaka jana, hewa ikaingia. Ukiingia dari ile unasikia tangu mlangoni. Ila Argia…" Alijigusa pua. "Tangu ile homa ya majira ya baridi. Anapanda kule kila siku, analifuta pipa vumbi, anaongea nalo, hajui. Anadhani sisi nasi hatujui habari za pua yake. Watu wanakula chumvi wananyamaza."

"Lapo ndiye aliyekuambia?"

"Mtoto wa muuza divai, atakosaje kujua? Alikuja hapa Jumanne analia. Anasema, Mzee Duilio, Jumapili Bibi atalifungua mbele ya watu wote, atamimina, watu watatema. Kazi ya mwisho ya Marisa, watu waiteme! Nikamwambia, wewe nenda nyumbani, funga mdomo, niachie mimi. Jumatano Argia akaenda sokoni, nikaenda na toroli."

"Ukaona wizi ni afadhali."

"Divai iliyoibiwa nani ataionja? Kila mtu angesema, ah, ile ndiyo ilikuwa divai! Mpaka tunakufa wangeisifu. Nilidhani watasema ni wezi wa mjini."

"Sisi wa mjini ndio wezi?"

"Wewe unawakamata, wewe ndiye unayejua wingi wao." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Sikujua watamshika Lapo. Tangu jana silali. Kijana amebeba mzigo wangu na hajasema kitu."

"Na mimi je? Umenipa ushahidi kwenye bakuli."

Mzee Duilio aliangalia saladi ile kwa hasira ya kweli.

"Nilikuwa niimwage! Nimelifikisha mpaka mtaroni, Inspekta. Nikaonja kidogo tu, kwa heshima. Mkono ukakataa. Mama yangu alinichapa kwa kumwaga maji yaliyochemshiwa maharage. Utamwagaje siki kama hii? Halafu leo nyanya zimeiva vizuri…"

Fosca alicheka, hakuweza kujizuia. Kisha akauliza swali ambalo kila mpelelezi hulifikia mwisho.

"Kwa nini wewe? Kuna majirani wengi. Kwa nini uibe kwa ajili yake?"

Mzee Duilio aliizungusha kofia mikononi. Kuku walikuwa wanaparura chini ya meza.

"Moreno wangu alizaliwa, mama yake akafa siku hiyohiyo," alisema. "Theluji imefunga barabara. Kitoto kinalia njaa. Nilikifunga kwenye koti nikapanda mizabibu mpaka jikoni kwa Argia. Alikuwa na Marisa mchanga kifuani. Hakuniuliza kitu. Alinyoosha mkono mmoja, akamchukua mwanangu, akamweka upande wa pili. Akanyonyesha wawili mpaka wakatembea. Inspekta, tumegombana mimi na yule mama! Tumegombania mpaka wa shamba, tumegombania mbwa, ameniita punda mbele ya padri. Lakini hilo la maziwa hajawahi kunikumbusha. Hata siku moja. Mtu wa namna hiyo utamshukuru kwa kitu gani? Kwa kuku? Nimengoja miaka yote nipate cha kumfanyia, nikapata wizi."

Aliweka mikono yote miwili mezani, kama mtu anayengoja pingu.

"Vaa kofia yako," Fosca alisema. "Utamwambia mwenyewe. Nitakusindikiza."

*

Walipanda kilima kwa miguu, Mzee Duilio akisukuma toroli, pipa limefunikwa gunia, Fosca kando yake. Uani walimkuta Bibi Argia anatoa maharage kwenye maganda kwa ghadhabu. Viola alikuwa kwenye ngazi, macho yamevimba. Fosca alikuwa amempigia simu Sajini Pacini, naye akaja, na kwa ombi la Fosca akaja na Lapo, aliyevaa koti la baba yake.

Mzee Duilio alitoa gunia.

Bibi Argia aliliona pipa. Akaona aliyelisukuma. Maharage yakamwagika.

"Wewe?"

"Mimi."

"Punda wewe! Kwa nini?"

"Limegeuka siki, Argia. Lakiri ilipasuka. Nilitaka usiaibike."

"Uongo. Mimi napanda kila siku, ningesi…" Alikoma katikati ya neno. Mkono wake ulipanda ukaishika pua, kama mtu anayehakikisha kwamba ipo. Alizunguka kuwatazama mmoja mmoja. "Nani anajua?"

Viola aliinamisha kichwa. Lapo aliangalia viatu vyake.

"Ni ile chumvi, Bibi," Sajini Pacini alisema kwa sauti ndogo.

Bibi Argia alikaa. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

"Mkate umekuwa pamba," alisema. "Divai imekuwa maji. Nilidhani mkijua mtanitoa jikoni." Kisha akamgeukia Lapo. "Nawe ulijua tangu Jumanne. Nikakuita mwizi, ukanyamaza. Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje, Bibi?"

Jina hilo alikuwa ameshamkataza. Safari hii alilipokea.

"Sogea," alimwambia. Akamshika masikio yale mekundu, akamvuta chini, akambusu kipaji cha uso. "Nisamehe, mwanangu. Jumapili uje mapema. Usije na hilo koti la baba yako."

Viola aliruka ngazi zilizobaki. Waachwe hao. Bibi Argia alikuwa bado hajamalizana na jirani yake.

"Nawe punda. Mambo ya aibu yangu yanakuhusu nini wewe? Nani alikutuma?"

"Ni kwa ajili ya maziwa," Mzee Duilio alisema.

"Maziwa gani?"

Aliuliza kweli. Paji lake lilikunjana, akawa anakumbuka maziwa yaliyoungua jana jikoni. Mzee Duilio alimkodolea macho, mdomo wazi.

"Ya Moreno, Argia. Ule mwaka wa theluji."

"Ah, hayo!" Alipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Yalikuwa yananizidi, kifua kinaniuma usiku kucha, Marisa ananyonya kama ndege. Mwanao ndiye aliyenisaidia. Siku zote nimesema nitakuja kukushukuru."

Mzee Duilio alivuta kofia ikafunika macho. Mabega yakaanza kumtikisika, na mtu asingeweza kujua kama alikuwa analia au anacheka. Nadhani na yeye hakujua.

Sajini Pacini alitoa kalamu. "Sasa niandike nini?"

"Andika pipa limepatikana," Fosca alisema.

"Na mtuhumiwa?"

"Andika alilirudisha mwenyewe, na mwenye mali amesamehe. Halafu kaa ule."

Lapo alilibeba pipa mpaka jikoni. Viola, ambaye sasa alikuwa ameliona kinyume cha desturi zote, alichukua kijiko. "Onja, Bibi. Onja kidogo tu."

"Hapana," Bibi Argia alisema. "Haliguswi kabla ya siku yake. Siki au si siki."

*

Jumapili kengele za Casalvento zilipigwa mpaka mbwa wakachoka kubweka. Meza zilipangwa chini ya mtini na kuendelea mpaka kwenye mizabibu. Moreno alikuja kutoka Ujerumani anakoendesha lori, mwanamume wa miaka arobaini na kitu ambaye wanawake anaowapenda hawampendi. Alikuwa amebeba begani pipa lake mwenyewe, lile baba yake alilolifunga mwaka wa theluji.

"Mimi sioi, mnanijua," alitangaza. "Linywewe leo kabla baba hajaliiba."

Likafunguliwa. Nusu yake ilikuwa imekwenda na hewa, na nusu iliyobaki ilikuwa na rangi ya kahawia nyekundu. Watu waliionja wakafumba macho. Baba yake Lapo, mlafi yule, alilia waziwazi. Bibi Argia aliinua glasi yake, akainywa, akatabasamu kwa ajili ya wageni. Fosca, aliyeketi ubavuni pake, aliona tabasamu lile halifiki popote.

Ndipo saladi ya mkate ikaletwa, mabakuli kwa mabakuli, imetiwa siki ya pipa la Viola. Mzee Duilio alikuwa ameitengeneza kwa mikono yake. Viola mwenyewe, na gauni lake jeupe, alimpakulia bibi yake.

Bibi Argia alitia kijiko kinywani kama anayemeza dawa.

Akaacha kutafuna.

Uso wake wote ulikunjana kwa uchachu, midomo ikabana, machozi yakamruka. Viola alishtuka, akamshika bega. Watu wa meza ile wakasimama, wakidhani saladi imemkaba.

"Bibi! Nini?"

"Naisikia," Bibi Argia alisema. Aligusa pembe za ulimi wake kwa kidole. "Hapa. Na hapa. Inaniuma. Ni chachu, halafu… ina utamu kidogo, sivyo? Nimesema kweli?"

"Kweli, Bibi."

"Ingekuwa divai nisingepata kitu." Alimtafuta Mzee Duilio kwa macho mpaka akampata upande wa pili wa meza, ameivua kofia. "Umesikia, punda? Ingekuwa divai, leo ningekaa hapa nikawadanganya watu wote."

Fosca aliinamia sahani yake kwa sababu macho yalimchoma, na hakutaka Sajini Pacini aone. Alifikiria goti lake chini ya meza, barabara nyeupe ya kesho asubuhi, kuku watakaompita. Alishukuru kwa vyote hivyo, na kwa kiti alichopewa kando ya mama huyu.

Bibi Argia alikwisha maliza. Alifuta sahani kwa kipande cha mkate, akafuta machozi kwa kitambaa cha meza, akainua sahani tupu kuelekea kwa mjukuu wake.

"Nipe tena ya mama yako," alisema. "Na usinipunje."